Tabu Ley Rochereau: kati ya hizi nne, nianze na ipi?

Mpiga Pasi

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu mambo vipi.

Shemeji yangu anarudi kutoka Brussels mwezi ujao na ameniahidi CD. Moja tu, kasisitiza, maana mabegi yameshajaa vitu vya watu. Nikamwambia niletee Tabu Ley, yule mwimbaji mkongwe wa Kongo. Akanijibu: "Tabu Ley yupi?" Nikadhani ananitania, kumbe dukani kuna rafu nzima ya huyu mzee na kila kasha lina miaka yake. Kanitumia majina manne:

– The Voice of Lightness ya kwanza (lebo ya Sterns, 2007). CD mbili kwenye kasha moja, nyimbo za 1961 hadi 1977.
– The Voice of Lightness ya pili (Sterns, 2010). Nayo ni CD mbili, 1977 hadi 1993.
– Bel Canto. Jina la juu ni Mbilia Bel, mwimbaji wa kike, ila bendi ni Afrisa, ya Tabu Ley, naye yupo nyuma yake. Miaka ya 1982 hadi 1987.
– Babeti Soukous (Real World, 1989).

Mimi ni mtoto wa bendi ya Wenge Musica, nimezoea sebene, pale magitaa yanapochachamaa watu wacheze, na atalaku, mpiga kelele wa bendi, anayepayuka hadi majirani wagonge ukuta. Za Tabu Ley nazijua zile za harusini tu. Kilingala changu kinaishia kwenye "motema" na "bolingo". Nipeni mwongozo, na tafadhali asije mtu akaniambia zote kali. Hilo nalijua.

Fundi Redio

Marahaba kijana. Chukua ile ya kwanza. Sasa kaa nikueleze.

Huyu bwana aliingia African Jazz mwaka 1959, bendi ya Joseph Kabasele, yule tunayemwita Grand Kallé. Mbele kuna Kallé mwenyewe anaimba, pembeni Dr Nico Kasanda yuko kwenye gitaa la solo. Kijana mgeni hapo ama unaiva ama unarudi kwenu. Akaiva. Mwaka 1963 yeye na Nico wakatoka wakaunda African Fiesta, na 1965 wakagawana: Nico akaenda na African Fiesta Sukisa, Rochereau akabaki na African Fiesta National. Miaka miwili tu walikaa pamoja humo, lakini tafuta hizo rekodi usikie Nico anavyoingia pale mwimbaji anapovuta pumzi. Hamkanyagi hata mara moja.

Lakini sababu yangu kubwa si majina. Ni santuri. Enzi hizo wimbo ulitoka kwenye santuri ndogo ya mizunguko 45, na upande mmoja unabeba dakika chache sana. Mtunzi hana nafasi ya kuzurura. Aeleze kisa, aweke kiitikio, gitaa lipite, amalize. Kikibaki kitu, msikilizaji anageuza upande wa pili. Ndiyo maana tungo za miaka ile zimekazwa kiasi kwamba ukiondoa ubeti mmoja, wimbo wote unayumba.

Sikiliza Mokolo Nakokufa ya 1966. Maskini, tajiri, mlevi, kahaba, kila mmoja anaiwaza siku yake ya kufa na nani atamlilia. Watu tofauti, maisha tofauti, na sauti ni ile ile moja, laini, haipandi wala haijilizi. Aliyekuwa anaimba hayo ni kijana mdogo! Na kijana huyo huyo ndiye aliyekuimbia Savon Omo, tangazo la sabuni, kwa upole ule ule, nawe ukatoka kwenda dukani na kopo mkononi.

Kasha hilo hilo linakupeleka hadi miaka ya sabini. Desemba 1970 alipanda jukwaa la Olympia, Paris, na wacheza shoo wake waliojulikana kama Rocherettes. Baada ya hapo tarumbeta zimeongezeka, drami zimechukua nafasi, unasikia jinsi soul ya Marekani ilivyompitia. Kisha siasa za Mobutu za kurudi kwenye uasilia zikamfanya Pascal Rochereau awe Tabu Ley, na bendi ikawa Afrisa International. Ukisikiliza CD ya kwanza mwanzo hadi mwisho, halafu ya pili, utadhani ni ndugu watatu wamepokezana maikrofoni.

Dada wa Kanda

Fundi, shikamoo. Historia nakubali yote. Hukumu nakataa.

Mnamwita mtunzi, halafu mnampima kwa sauti yake mwenyewe. Sauti ya Tabu Ley ingeweza kuimba orodha ya vifaa vya ujenzi tukalia. Mtunzi mpime pale wimbo unapotoka mdomoni kwa mtu mwingine, tena mtu asiyefanana naye. Kwa hiyo mimi nasema Bel Canto.

Mbilia Bel alikuwa amepita kwa mwimbaji Abeti Masikini, akapita kwa mwimbaji mwingine, Sam Mangwana, ndipo akaja Afrisa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Wimbo wake wa kwanza pale ulikuwa Mpeve ya Longo: mwanamke ameachwa na mume, watoto wamebaki mikononi mwake, anamlilia Roho Mtakatifu. Hakuna ufundi wa kuonyesha koo. Anasimulia tu. Wanawake waliushika ule wimbo, na ukiwa na mama au shangazi wa umri huo muulize uone atakavyonyamaza kidogo kabla ya kukujibu.

Kuanzia hapo nyingi za nyimbo alizoimba zilitoka kwenye kalamu ya Tabu Ley. Eswi yo Wapi, Boya Ye, Ba Gérants ya Mabala. Angalia alichofanya: mwanaume aliyezoea kuimba mapenzi kwa upande wake akakaa akaandika malalamiko ya mke, wivu wa mke, dharau ya mke kwa mwanamke mwenzake anayezengea ndoa ya watu. Tena kwa kipimo cha sauti ya Mbilia, si ya kwake. Yeye sauti yake inaelea juu. Ya Mbilia ina uzito chini na inapopanda inapanda imebeba kitu. Melodi zimekatwa kufuata hilo.

Halafu mleta mada amesema anazijua za harusini. Nakei Nairobi nani anaimba pale? Basi. Ameshaanza na Bel Canto bila kujua.

Mwana OK

Chukua Franco.

Mpiga Pasi

😂 Mkuu, hiyo haimo kwenye orodha.

Mwana OK

Najua haimo, ndiyo tatizo la orodha.

Haya, nusu yake nilikuwa natania. Lakini kuna diski moja inayowaweka wote wawili, Omona Wapi, ile waliyorekodi 1983. Miaka yote mashabiki walishapigana hadi ndugu hawasalimiani, wa OK Jazz ya Franco huku, wa Afrisa kule, halafu wakubwa wenyewe wakaingia studio pamoja. Grand Kallé alikuwa amefariki Februari mwaka huo huo na mle ndani kuna Kabassele in Memoriam, wanamwombolezea pamoja. Franco hakutokea mikononi mwa Kallé, yeye ni wa shule nyingine kabisa, na bado amekwenda kuimba msiba wa mwalimu wa mwenzake.

Na kwa mtu anayeanza, hakuna njia fupi ya kumwelewa Tabu Ley kuliko kumsikia amesimama karibu na Franco. Franco anakuongelesha kama mzee wa mtaa aliyekukuta na kosa: anafoka, anahoji, anarudia neno mara kumi mpaka likuume. Mwenzake anaimba. Gitaa la Franco ni la kukwangua, lina vumbi. Afrisa ni bendi iliyopigwa pasi. Ukishawasikia kwenye wimbo mmoja, utajua wewe ni wa upande gani, na ukijua hilo utanunua bila kuuliza mtu.

Dada wa Kanda

Mwana OK leo umeongea vizuri hadi nimekagua kama ni wewe kweli.

Besi la Nne

Habari za jioni wote. Naona kasha la pili la Sterns limeachwa yatima, ngoja nilitetee.

Fundi amesema santuri ndogo ilimkaza mtunzi. Kweli. Lakini basi aseme na upande wa pili: ilimbana mpigaji. Santuri kubwa iliposhika soko miaka ya themanini, diski nzima ilikuwa na nyimbo nne, pengine tano, kila moja dakika nane hadi kumi. Watu wanasema hapo tungo zilivimba. Mimi nasema hapo ndipo tulipoisikia Afrisa kama bendi. Kuna muda wa tarumbeta kuuliza na kujibiwa. Modero Mekanisi anapata nafasi ya kupuliza saksofoni mpaka aseme alichotaka. Gitaa la Dino Vangu linajenga sebene taratibu, duru baada ya duru, na kila duru imeongezwa kidogo, ukija kushtuka wimbo umeshapanda ghorofa mbili na hukuona ngazi.

Mimi hupiga besi, kwa hiyo mnisamehe upendeleo. Rekodi za miaka ya sitini unalisikia besi kwa kubahatisha, kama si kwa imani. Za miaka ya themanini linakupiga kifuani. Mpiga Pasi ametoka Wenge, masikio yake yamezoea chini kuwe na kitu. Akianzia na 1961 nina hofu atasikiliza nyimbo tatu aseme "nzuri, za wazee" na kasha litakaa juu ya kabati.

Pia ile ya pili inafika 1993. Hapo ameshatoka Zaire, anaishi ughaibuni, utawala wa Mobutu unamalizikia. Sauti imeshuka kidogo, si ya kuteleza tena, na mimi naipenda hivyo.

Fundi Redio

Besi, umenishika kwenye sauti ya chini, hapo sina jibu. Lakini sebene la dakika sita hata mtunzi wa kawaida anabebwa na bendi nzuri. Dakika tatu hakubebi mtu.

Besi la Nne

Na mwimbaji wa dakika tatu anabebwa na Dr Nico, mzee wangu 😄

Fundi Redio

Hahaha. Kaa chini.

Kijana wa Ilala

Samahani wakubwa, nauliza tu maana hapa kuna wanaojua. Si ndiye aliyeimba Indépendance Cha Cha? Kama ndiye, na uko kwenye hilo kasha la kwanza, mimi naona mjadala umekwisha.

Fundi Redio

Hapana mwanangu. Wimbo ni wa Kallé na African Jazz, ulirekodiwa Brussels 1960 wakati wa mkutano wa meza ya duara kuhusu uhuru wa Kongo. Lakini bendi haikwenda yote. Walikwenda Kallé, Nico, Déchaud kaka yake Nico, Roger Izeidi na Petit Pierre, wakaazimwa Vicky Longomba na Brazzos kutoka OK Jazz. Rochereau alibaki nyumbani. Watu wanamwekea ule wimbo kwa sababu alikuwa mwanachama wa African Jazz wakati huo, na kwa sababu kila kitu kizuri cha zamani lazima kiwe chake au cha Franco.

Mwana OK

Hasa cha Franco.

Mama Sebene

Jamani mbona Babeti Soukous hakuna aliyeigusa? Niiseme basi, ingawa siyo chaguo langu.

Ilirekodiwa Uingereza, kwenye studio za Real World za Peter Gabriel, na ni miongoni mwa diski za mwanzo kabisa za lebo hiyo. Mwaka 1989, Mbilia Bel ameshaondoka tangu 1987 na amekwenda kufanya kazi na mpiga gitaa Rigo Star. Waliokuwa wanaimba na Tabu Ley sasa ni Faya Tess na Beyou Ciel. Faya Tess mnamdharau, mimi simdharau hata kidogo, ila alipewa kiti ambacho bado kilikuwa na joto la mwenzake.

Uzuri wake: usafi wa sauti. Kila chombo unakishika kwa mkono. Tena bendi imepiga kwa pamoja, haikuunganishwa vipande vipande, kwa hiyo ina joto la ukumbi. Na nyimbo zimechukuliwa huku na huku kwenye maisha yake, mtu unapata kama muhtasari.

Ubaya wake: umepangwa kwa ajili ya sikio la mgeni. Nyimbo ambazo kwa kawaida zinakuchelewesha hapo mwanzo, zinakuacha ukae kwenye maneno kabla ya miguu, pale zinaharakishwa kwenda kwenye dansi. Nikiisikiliza nasikia bendi nzuri inayojitambulisha kwa watu wasioijua. Kwa Mzungu aliyekuwa hajawahi kuisikia Kinshasa, sawa. Wewe mtoto wa Wenge hauhitaji kutambulishwa sebene.

Kwa hiyo kwa upande wangu hiyo itoe. Zibaki tatu.

Dada wa Kanda

Mama Sebene, asante, nami ningeitoa kwa sababu hizo hizo.

Niongeze kitu maana tangu juu nakiona na hakuna aliyekitamka. Kila mmoja hapa anapotetea miaka yake anataja mtu wa pili. Fundi kataja Nico. Mimi Mbilia. Mwana OK kataja Franco (angetaja Franco hata tungekuwa tunazungumzia bei ya saruji). Besi kataja Dino na Modero. Sam Mangwana naye alipitia hapo kabla ya kwenda OK Jazz 1972. Hakuna aliyesema "nampenda Tabu Ley wa peke yake". Mimi naona hicho ndicho kilichomfikisha mbali. Waimbaji wengi wenye sauti kama ile huogopa mwenye kipaji asimame karibu. Yeye alimtafuta, akamwandikia, akampa nafasi ya mbele, na mtu akiondoka anatafuta mwingine. Miaka thelathini na zaidi hiyo.

Besi la Nne

Ila tusimpake mafuta sana. Wengi waliondoka pia, na hawakuondoka wakicheka. Nico miaka miwili. Afrisa ilikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea, na wa kutokea ulikuwa na foleni.

Dada wa Kanda

Sawa. Lakini OK Jazz nayo ilikuwa na foleni hiyo hiyo. Verckys, mpuliza saksofoni wao, alitoka 1969, wakatoka na wengine. Bendi zile zilikuwa kampuni za mtu mmoja mwenye jina ukutani, wengine wote waajiriwa. Ukishajua thamani yako unaondoka. Ninachosema ni kwamba wakiwa pale waliimba na kupiga vitu ambavyo wengi wao hawakuvirudia tena.

Mwana OK

Hapo kwenye "hawakuvirudia" Sam Mangwana amekukatalia akiwa Abidjan.

Dada wa Kanda

"Wengi wao," nimesema. Soma vizuri mzee.

Mama Sebene

Mpiga Pasi, umeuliza swali ukakimbia?

Mpiga Pasi

Nipo mama, nilikuwa nasikiliza. Nimetafuta mtandaoni kila wimbo mliotaja na nimekaa nao tangu jana jioni. Matokeo yangu kwa ufupi:

Mokolo Nakokufa: sikuelewa maneno, nikasoma maelezo ya Fundi hapa juu, nikarudia, nikarudia tena. Simu ilikuwa inaita na sikupokea. Besi, una haki kwamba chini hakuna kitu. Sikukihitaji.

Eswi yo Wapi: huu nilikuwa naujua! Sikujua jina tu. Umepigwa kwenye kila sherehe ya familia yetu.

Kabassele in Memoriam: Mwana OK, nitakuudhi. Mimi ni wa Tabu Ley.

Naegemea kasha la kwanza. Kilichobaki kunitia wasiwasi ni lugha. Nisipojua Kilingala si nitabaki na sauti tupu?

Fundi Redio

Hilo ni sababu nyingine ya kuchukua makasha ya Sterns badala ya kuokoteza nyimbo mtandaoni. Ndani kuna kijitabu kinene kilichoandikwa na Ken Braun, aliyechagua hizo nyimbo. Anaeleza mwaka, bendi, nani alikuwa wapi na kisa cha wimbo. Ni cha Kiingereza, lakini mtu anayesoma anapata njia. Mtandaoni utakuta wimbo mmoja umeandikwa miaka mitatu tofauti na picha ya Koffi Olomide juu yake.

Na Kilingala usikiogope hivyo. Mzungumzaji wa Kiswahili akisikiliza mwezi mmoja anaanza kuokota maneno, ni lugha za ukoo mmoja. Sisi tulijifunza kwa santuri zilizochapwa Nairobi bila kijitabu chochote.

Besi la Nne

Nakubali kushindwa kwa heshima, lakini namwomba kitu kimoja kijana: usianze na CD ya kwanza ya kasha. Anza na ya pili, ya miaka ya sabini, Kaful Mayay na mambo ya Afrisa changa. Hapo drami zipo, tarumbeta zipo, na bado utunzi ni wa kukazwa kama apendavyo Fundi. Masikio yakishatulia, rudi nyuma kwenye 1961. Ukienda kwa mpangilio wa miaka kuna nyimbo za cha-cha-cha na bolero hapo mwanzo zitakazokukatisha tamaa.

Fundi Redio

Hilo la kuanzia CD ya pili naliunga mkono. La bolero kukatisha tamaa silijibu, nina presha.

Kijana wa Ilala

Mimi nilidhani yeye ni mwanasiasa aliyewahi kuimba. Baba yangu alikuwa akimtaja hivyo.

Mama Sebene

Baba yako hakukosea sana, alianzia mwisho. Mobutu alipoangushwa 1997 Tabu Ley alirudi nyumbani, akaingia bunge la mpito, baadaye akawa makamu wa gavana wa Kinshasa. Kiharusi kikampata 2008, akafariki Brussels tarehe 30 Novemba 2013, akarudishwa kuzikwa Kongo kwa heshima za taifa. Kuna vijana wa Ufaransa wanaomjua kwa njia nyingine kabisa: mwanawe Youssoupha ni rapa mkubwa kule, na mwaka 2012 alitoa wimbo kuhusu santuri za baba yake, ukiwa umejengwa juu ya Pitié, wimbo wa mzee. Mzee mwenyewe anasikika humo.

Mpiga Pasi

Nimemwandikia shemeji: The Voice of Lightness, ya kwanza, kasha lenye 1961–1977, asikubali ya pili wala ya mtu mwingine. Amejibu "sawa, ila nikikosa je?"

Dada wa Kanda

Akikosa, Bel Canto. Usimwache achague mwenyewe dukani, atakuletea Céline Dion.

Mwana OK

Akikosa zote mbili, mwambie aangalie herufi F.